Kozi ya Kivietinamu niliyosoma kabla ya kwenda Hanoi

Mwanangu anasoma chuo Hanoi. Aliponiita nikakae naye mwezi mmoja, wa kwanza niliyemfikiria alikuwa mama mwenye nyumba wake. Mwanangu alipougua mwaka wake wa kwanza, huyo mama ndiye aliyempikia uji wa mchele na kumpandishia ghorofani siku nne mfululizo. Mtu wa namna hiyo huwezi kumshukuru kwa kumwonyesha tafsiri kwenye kioo cha simu. Kwa hiyo nikajiandikisha kwenye kozi ya mtandaoni ya wanaoanza: masomo 24 ya nusu saa kwa video na mwalimu aliyezaliwa Hanoi, pamoja na programu ya simu ya kufanyia mazoezi. Nililipa dola 120. Kozi nimeimaliza, safari nimekwenda na kurudi.

Mwalimu ni hazina. Programu ya simu isingekuwapo nisingepoteza kitu.

Somo la kwanza hatukuandika chochote. Mwalimu aliniambia nifumbe macho, kisha akatamka "ma" mara sita. Ma ni mzimu, mà ni lakini, má ni shavu, mả ni kaburi, mã ni farasi, mạ ni miche ya mpunga. Mwanzoni nilisikia maneno mawili tu, la juu na la chini. Yeye hakuwa na haraka. Kila toni aliichora hewani kwa kidole: ile ya sắc inapanda, huyền inashuka taratibu kama mtu anayeshusha pumzi, nặng inadondoka chini na kukatika ghafla, ngã inakwama kidogo kooni halafu inaruka juu. Tulifanya hivyo wiki mbili, na wiki ya kwanza nilitamani kumwambia tuendelee na salamu. Nashukuru sikumwambia. Kivietinamu kinaandikwa kwa herufi za Kilatini, kwa hiyo jicho linakudanganya kwamba unaweza kusoma tu mambo yakaenda. Alama za juu na chini ya irabu ndizo zinazobeba maana, na usipozisikia kwa sikio, kuziona hakutakusaidia.

Hapo ndipo programu yao iliponiangusha. Nikiandika "dua" tupu, bila alama yoyote, inanipa tiki ya kijani. Lakini dừa ni nazi, dứa ni nanasi, dưa ni jamii ya matango na matikiti. Siku yangu ya tatu Hanoi nilimwomba muuza vinywaji maji ya dafu, sauti yangu ikapanda badala ya kushuka, akanikamulia nanasi. Alikuwa sahihi kabisa, ndicho nilichokiomba. Isitoshe, sauti zilizorekodiwa kwenye programu ni za kusini, ambako hiyo d husikika kama y yetu, ilhali Hanoi wanaitamka z. Mwalimu anafundisha kaskazini, simu inafundisha kusini, na hakuna mahali mwanafunzi anapoelezwa hivyo. Mtu anayeanza anastahili kuambiwa mapema.

Kuna mambo ambayo kozi haiyajui kwa sababu haikuandikwa kwa ajili yetu, nami nataka Mswahili mwenzangu ayajue. Somo zima limetumika kufundisha ng ya mwanzo wa neno, kama katika ngon, yaani tamu. Sisi tunayo: ni ng' ya ng'ombe. Nh ya nhà, nyumba, ni ny yetu ile ile. Mwalimu aliponionya kwamba karibu kila nomino ina neno lake la kundi wakati wa kuhesabu, cái kwa vitu na con kwa wanyama, sikushtuka. Kisu kinaitwa con dao na mto con sông, vimeingia pamoja na wanyama, nikakubali kama tunavyokubali kwamba mti na mto ni ngeli moja. Kilichonitesa ni irabu ư. Dawa niliyopewa: sema u, kisha tanua midomo kama unatabasamu, ulimi usiusogeze. Nilifanya mbele ya kioo kila asubuhi.

Hesabu na pesa zimewekwa somo la 17, nami ningezileta la tano. Bakuli la phở, supu ya tambi za mchele, nililipa dong 50,000, lakini muuzaji husema "năm mươi", hamsini, maelfu anayaacha ujaze mwenyewe. Na kumi na tano ni mười lăm, kwa sababu mười năm ni miaka kumi. Mambo hayo unayahitaji siku ya kwanza mtaani.

Ila kilichoniridhisha kuliko vyote ni somo la sita, la kuitana. Programu inamwita kila mtu bạn, rafiki. Mwalimu aliniambia niache. Kivietinamu hakina "wewe" moja ya watu wote. Unamwita mtu anh kama kaka, chị kama dada mkubwa, em kama mdogo wako, bác kama ndugu mkubwa wa mzazi wako, na wewe mwenyewe unajiita kwa nafasi yako mbele yake. Ndiyo maana watakuuliza umri kabla ya chai kupoa. Kwa aliyelelewa kwenye shikamoo, hilo halihitaji maelezo marefu.

Mama mwenye nyumba aliniuliza mwaka wa kuzaliwa tukiwa bado mlangoni. Mimi 1971, yeye 1968. Basi yeye chị, mimi em. Nikashika pumzi, nikasema sentensi niliyoifanyia mazoezi wiki tatu: "Em cảm ơn chị đã chăm sóc cháu." Mdogo wako nakushukuru, dada, kwa kumtunza mtoto. Alinitazama, akanishika kiwiko, akairudia sentensi yangu polepole akinirekebisha toni ya neno la mwisho, nami nikairudia nyuma yake.

Tangu hapo kila jioni nikipanda ngazi aliniuliza, "Em ăn cơm chưa?" Umekula wali? Hiyo chưa ya mwisho mwalimu alihangaika kunifafanulia kwa Kiingereza karibu nusu ya somo, kumbe ni "bado" yetu, kwenye swali na kwenye jibu. Nikamjibu, "Em chưa ăn ạ." Bado sijala. Akasogeza kiti.