Bana ya oili chafu isiyoziba: uzoefu wangu Kariobangi

Bana hii, yaani kifaa cha kuchoma oili ili kitoe moto, nimekuwa nayo tangu baridi ya Julai mwaka jana, kwenye tanuru letu la kuyeyushia alumini hapa Kariobangi Light Industries, Nairobi. Wanaopita karakanani huuliza swali moja tu: ina moto? Moto si shida. Oili chafu ya injini, kilo kwa kilo, ina joto linalokaribiana na la dizeli, na alumini inayeyuka kwa nyuzi 660 tu, kwa hiyo hata bana mbovu itaiyeyusha. Kazi iko kwenye kuushika moto ubaki pale ulipouweka, na kuisafisha bana bila kupoteza asubuhi nzima.

Sisi tunamimina sufuria na vifuniko, na mara moja moja puli za mashine. Alumini tunaimimina ikiwa kati ya nyuzi 700 na 750. Ikizidi hapo inakunywa haidrojeni kutoka kwenye mvuke wa moto, na ikianza kuganda haidrojeni ile inatafuta njia ya kutokea. Unabaki na chombo chenye vitobo vidogo vidogo. Mteja anakirudisha kikivuja, nawe unakiyeyusha upya kwa gharama yako. Ndiyo maana bana inayopandisha moto yenyewe, hata kama ni ya bure, mimi siitaki.

Mafuta ya taa tuliachana nayo baada ya serikali kuyawekea tozo ya Sh18 kwa lita mwaka 2018, ili watu waache kuyachanganya na dizeli. Siku hizi EPRA, mamlaka ya nishati, ikitangaza bei za mafuta tarehe 14, mimi namimina alumini yangu kimyakimya. Tukahamia oili chafu kwa bana ya matone: pipa juu, mrija chini, oili inadondokea sahani ya chuma iliyoiva na blowa, feni ya umeme, inapuliza hewa. Ni rahisi kutengeneza, lakini ina visa. Oili ya saa moja asubuhi ni nzito, ya saa saba mchana ni nyepesi, kwa hiyo valvu uliyoitega asubuhi inamwaga mara mbili jua likitoka. Umeme ukikatika ndiyo balaa: blowa inazima, oili inaendelea kushuka, na moshi mweusi unawaita majirani wote. Sahani nayo inashika ukoko mgumu ambao tulikuwa tunaubomoa kwa patasi.

Tukajaribu pia bana ya nozeli, ile inayopitisha oili kwenye tundu jembamba. Mtu aliyetumia stovu ya Primus, aliyoibuni Msweden Frans Lindqvist mwaka 1892, anaijua ile sindano ya kuzibua. Mafuta ya taa ni safi na bado tundu linaziba. Sasa weka oili iliyozunguka kwenye injini ya matatu, yenye masizi na unga wa chuma!

Hii ya sasa nilitengenezewa Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali, na mzee mmoja ambaye zamani alikuwa akiunda majiko na matoroli. Ilinigharimu Sh16,000 pamoja na pampu; blowa na kompresa nilikuwa nazo. Nilipoanza kumlalamikia habari ya kuziba, alinikatiza: “Mama, oili haipiti kwenye tundu. Hewa ndiyo inapita.”

Na kweli, siri yote iko hapo. Ndani kuna tufe la brasi lenye uwazi, umbo la kitasa cha mlango cha mviringo. Oili inamwagwa juu yake na kutelemka ikilifunika kama ngozi nyembamba. Ubavuni mwa tufe kuna tundu la robo milimita hivi, na hewa ya kompresa inayotoka humo inaichana ile ngozi kuwa ukungu. Ukungu ndio unaoungua. Oili nyingine, ambayo ndiyo nyingi, inashuka kwenye karai la chini na pampu inairudisha juu. Wazo si la Kamukunji. Mmarekani Robert Babington alipewa hataza yake mwaka 1969. Mzee aliongeza akili yake: pampu ya oili ya gari kuukuu kutoka Grogan kwenye vipuri, mota ya mashine ya kufulia, na mrija wa kopa aliouzungusha kwenye shingo ya bana ili oili ipate joto kabla ya kufika kwenye tufe.

Kudhibiti kwake kumenifurahisha kuliko nilivyotarajia. Kuna valvu ya sindano kwenye njia ya oili, ambayo unaizungusha mara kadhaa kutoka kufunga hadi kufungua. Zile valvu za maji zenye mkono mmoja zinatoka sifuri hadi mafuriko kwa robo mzunguko, na ukigusa kidogo umeharibu. Halafu kuna regyuleta ya kupimia nguvu ya hewa. Mimi naanza na psi 10, na tanuru likiiva napandisha kuelekea 20, kisha naangalia juu ya bomba la moshi. Moto wa rangi ya chungwa na moshi unaoonekana maana yake oili imezidi au blowa haitoshi. Moto mweupe wenye umanjano, na bomba lisilotoa kitu cha kuonekana, hapo niache. Ukisikia inatema cheche na kupasuka-pasuka, ni maji. Oili yangu inatulia kwenye pipa usiku kucha, na tunachota kutoka juu ya sakafu ya pipa, kamwe si chini kabisa.

Umeme ukikatika, pampu inasimama, ngozi ya oili inaisha juu ya tufe, moto unakufa. Hakuna cha kukimbilia. Kwangu hilo peke yake lingetosha kulipia mzee.

Kusafisha ni bolti mbili. Unalitoa tufe, unalipangusa kwa kitambaa chenye dizeli, unapuliza hewa, umemaliza. Chujio la pampu linataka kuoshwa kila jioni, na shingo ya bana inashika ukoko kidogo tunaokwangua mwisho wa wiki. Sindano ya chuma usiitie kwenye lile tundu hata kama mkono unawasha: ukilipanua, ukungu unakuwa matone na matone hayaungui vizuri.

Sasa kasoro. Bomba la kurudisha oili lilikuwa la nusu inchi, na asubuhi za baridi karai lilikuwa linajaa hadi kufurika sakafuni. Nimeweka la inchi moja na limetulia, ingawa mtu anayeuza bana Nairobi alipaswa kuijua Julai ya Nairobi. Kompresa inapiga kelele mchana kutwa. Na haiwaki ikiwa baridi: lazima ulipashe tanuru kwanza kwa matambara yaliyoloweshwa dizeli, maana oili ya injini haishiki moto kirahisi. Usiiharakishe kwa petroli. Nimeshaona nyusi za mtu zikienda hivyo.

Mwenye hoteli mmoja aliniomba nimwelekeze kwa mzee ili akaangie chipsi kwa bana hii. Nilimkatalia. Oili chafu ina zinki kutoka kwenye viungo vya oili yenyewe, na inaweza kuwa na risasi na metali nyingine. Moto hata uwe mweupe vipi hauzichomi zikaisha, zinatoka na moshi. Hata sisi tumeinua bomba juu ya paa na vijana wanavaa barakoa. Kisheria hii ni taka hatari, kwa hiyo nunua kwa msafirishaji mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Na akija mtu na mafuta ya transfoma ya bei poa, mfukuze. Mbali na kwamba huenda yameibwa kwenye nguzo ya mtaa fulani uliolala gizani, baadhi ya transfoma za zamani zina mafuta yenye PCB, kemikali ya sumu, na kuyachoma kwenye tanuru kama langu ni kutengeneza sumu mbaya kuliko yenyewe.

Nimeagiza ya pili kwa tanuru dogo. Ukienda kuagiza yako, sema mapema unataka bomba la kurudisha la inchi moja, na matufe mawili yaliyotobolewa siku moja kwa kekee ileile. Mzee atakutoza zaidi kidogo kwa hilo la akiba; mimi alinitoza Sh1,200.