Makumbusho ya Yves Saint Laurent, Marrakech: fundi wa Arusha atazame nini

Fundi cherehani wa Arusha, au mama anayeshona shanga, akipata safari ya Morocco atenge nusu siku kwa makumbusho haya. Yalifunguliwa Oktoba 2017, jirani na bustani ya Majorelle ambayo Saint Laurent, mbunifu wa mavazi wa Ufaransa, na mwenzake Pierre Bergé waliinunua mwaka 1980. Jumatano hufungwa. Tiketi ya bustani peke yake haikuingizi kwenye makumbusho, kwa hiyo uliza kabla ya kukata.

Nje, matofali yamepangwa mithili ya kitambaa kilichofumwa. Ndani, kuta ni laini. Wasanifu, Studio KO, walikusudia jengo liwe kama koti lenye bitana.

Ukumbi wa nguo una mita za mraba 400, mweusi na wenye mwanga hafifu. Yape macho dakika kadhaa yazoee. Mwanga umepunguzwa kwa sababu hariri na rangi zikishachoka kwa mwanga hazirudi tena. Makumbusho mengi huwekea nguo za namna hii kikomo cha laksi (kipimo cha mwanga) 50 hivi. Ndiyo maana pia nguo huonyeshwa kwa zamu. Usifunge safari kwa ajili ya gauni moja.

Ukikuta gauni la Mondrian la mwaka 1965, lililoiga michoro ya Piet Mondrian, mchoraji wa Uholanzi, usiliache upesi. Kwa mbali ni miraba ya rangi iliyogawanywa na mistari myeusi, na mtu anaweza kudhani imechapwa. Sivyo. Kila mraba ni kipande cha kitambaa cha jezi ya sufu kilichokatwa peke yake, na mishono inayolipa gauni umbo la mwili imefichwa kwenye hiyo mistari. Kipande kimoja kikizidi hata milimita chache, mstari unapinda na gauni zima linaonekana limekosewa.

Kwa washona shanga, cha kutafuta ni nguo za mwaka 1967 za rafia (nyuzi za majani ya aina ya mtende) na shanga za mbao. Tazama mabegani na kiunoni, uzito unapoangukia. Kola ya Kimasai hujibeba yenyewe, kwani shanga zimeshikwa na waya au ngozi. Shanga zilezile zikihamia kwenye kitambaa chepesi, huvuta nyuzi, shingo inalegea, na gauni likining'inizwa miezi mingi mabega huchanika. Dawa ni kutia kitambaa kigumu kwa ndani, kufunga fundo kila baada ya shanga chache ili uzi ukikatika zisimwagike zote, na kuhifadhi nguo ikiwa imelazwa.

Upungufu mkubwa kwa fundi ni kwamba ndani ya nguo huoni: bitana, akiba ya mshono, vyote vimefichika. Inama basi utazame upindo na ncha za mikono, halafu zunguka mgongoni palipo na zipu. Chukua daftari na penseli. Mchoro wako wa mshono mmoja utakufaa zaidi mezani kuliko picha ya gauni zima.