Simu za intaneti ukiwa unatembea: uzoefu wangu na vituo vitatu vya Wi-Fi

Seti hii ya vituo vitatu vya kurushia Wi-Fi tuliifunga ofisini kwa sababu moja tu: watu waweze kuongea kwa simu ya intaneti huku wanatembea. Kasi ya kupakua haikuwa shida, hata ruta ya zamani iliimudu.

Ilipotoka kwenye boksi haikunifurahisha. Ukivuka kutoka kituo kimoja kwenda kingine, sauti inapotea, na wa upande wa pili anabaki "haloo, haloo". Kumbe 802.11r, ile teknolojia ya kuhama haraka, inakuja ikiwa imezimwa. Nilipoiwasha sauti ikatulia. Kila mtu kwetu ana jina na nenosiri lake la kuingilia, hivyo bila 802.11r simu ikifika kituo kipya inahakikiwa upya na seva, na hilo laweza kula mamia ya milisekunde. Simu ya sauti kwa kawaida hutuma pakiti (kipande kidogo cha sauti) kila milisekunde 20, sasa hesabu mwenyewe zinazopotea. Ikiwashwa, seva haisumbuliwi tena: funguo za usalama hutokana na uhakiki wa mwanzo.

Lakini anayeamua kuhama ni simu, si kituo. iPhone, kwa mfano, huanza kutafuta kituo kingine mawimbi yakishuka hadi -70 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi; kadiri namba inavyozidi kuwa hasi, ndivyo yalivyo dhaifu). Vituo hivi vinakuja na nguvu ya kurusha mawimbi ikiwa juu kabisa (sijui nani aliona ni sifa), kwa hiyo simu inaendelea kusikia kituo cha mbali vizuri na haioni haja ya kuhama, wakati mawimbi ya simu yenyewe yanakifikia kituo hicho kwa taabu. Nilishusha nguvu hadi ya kati, na hapo ndipo tofauti ilipoonekana hasa kwenye simu za video. 802.11k nayo iache imewashwa: inaipa simu orodha ya vituo jirani isihangaike kukagua chaneli zote.

Malalamiko ninayo. Kwenye programu ya simu sehemu ya kupunguza nguvu haipo kabisa. Lazima uingie kwa kivinjari. Printa yetu ya zamani nayo iligoma kuunganishwa mara tu 802.11r ilipowaka, ikabidi nifungue mtandao wa pili wenye jina lake.

Natoa nyota nne. Kama kazi yenu ni barua pepe na kuperuzi tu, msitoe hela ya ziada kwa ajili ya hili.