Taa ya boga ndiyo "karibu" ya nyumba: tathmini ya seti za kuchongea maboga ya Halloween

Mtaa unaoipokea Halloween, usiku ambao watoto huvaa mavazi ya kutisha na kubisha nyumba kwa nyumba wakiomba pipi, kwa mara ya kwanza huanza manunuzi kinyumenyume. Vinyago, utando wa buibui wa bandia na mifupa ya plastiki vinatangulia, taa inakuja mwisho kama pesa imebaki. Matokeo yake, usiku wa tarehe 31 Oktoba watoto wamevaa kama majini wanazurura bila kujua nyumba ipi inangoja hodi na ipi imeshalala. Anayewajulisha ni boga lenye taa mlangoni. Taa ikiwaka, bisha. Ikizimwa, pita, na pipi zikiisha mwenye nyumba huzima. Majirani wakishakubaliana hilo tu, mwaka unaofuata hakuna haja ya kamati.

Kwa hiyo seti hizi tunazipima kwa maswali mawili. Je, uso wa boga utaonekana kutoka ng'ambo ya barabara? Na je, boga litafika usiku wenyewe bila kuoza?

Seti ya kawaida ina msumeno mdogo mmoja au miwili, sindano ya kutobolea, kikwanguo, violezo vya karatasi na, zikiwa nzuri kidogo, taa mbili za LED. Msumeno ndio unaostahili sifa. Kisu cha jikoni hukwama kwenye ganda, mtu anaongeza nguvu, kisha kinachomoka ghafla kuelekea mkono ulioshika boga. Meno madogo ya msumeno hayana tabia hiyo, mradi uushike wima na uvute taratibu mbele na nyuma. Ukijaribu kukata kona kwa kuuzungusha, utapinda. Chomoa, uanze upya upande wa pili wa kona.

Shida kubwa ya seti hizi haimo kwenye chuma bali kwenye boga lililofikiriwa na aliyezitengeneza. Zimeundwa kwa yale maboga makubwa ya rangi ya chungwa ya Marekani, yenye ganda jepesi na tumbo tupu. Ireland na Uskoti, walikokuwa wakichonga taa kabla ya hapo, walitumia tanipu, mboga ya mizizi ya mviringo. Wahamiaji wa karne ya 19 ndio waliokuta boga Marekani, kubwa zaidi na rahisi kukomba. Boga lenyewe, basi, lilianza kama mbadala wa tanipu. Penye maboga madogo, magumu na yenye nyama nene, msumeno wa seti utakatika meno kabla jicho la kwanza halijatoboka. Hapo weka msumeno kando uchukue drili ya kawaida. Tumia keekee za milimita 6 hadi 12, mwendo wa polepole, na uache angalau sentimita 1 kati ya tundu na tundu ili ganda lisipasuke. Uso wa matundu, kwa kweli, hung'aa vizuri kuliko uso uliokatwa vibaya.

Tikiti maji nalo linafaa, na msumeno wa seti unalimudu bila taabu. Likombe mpaka ubaki unene wa sentimita 2 hivi, uligeuze kichwa chini kwa saa nzima lichuruzike, kisha ulichonge siku hiyohiyo. Nyama nyekundu iliyobaki huupa mwanga wekundu ambao boga haliwezi kuutoa. Joto likiwa kali, kesho yake limeshachacha.

Kwa boga la kawaida, kata tundu la kuingilia chini au nyuma, si juu. Mfuniko wa juu ukikauka husinyaa na kutumbukia ndani, na ukiwa umekatwa wima badala ya mshazari unatumbukia mapema zaidi. Toa mbegu na nyuzi zote, kisha kwangua upande wa uso peke yake hadi unene wa sentimita 2.5. Ukiacha nene zaidi, mwanga unamezwa na kingo. Ukipunguza sana, mdomo unalegea na kuporomoka. Vikwanguo vya plastiki vinavyokuja na seti hapa ni hafifu mno. Kijiko kikubwa cha chuma kinafanya kazi hiyo kwa nusu ya muda.

Violezo ni bapa, boga ni la mviringo, kwa hiyo karatasi hukunjamana na macho yanaishia kwenye mashavu. Ichane kingo zake kidogokidogo ndipo uibandike kwa selotepu. Toboa mistari kwa sindano kila baada ya milimita 3, ondoa karatasi, anza kukata vipande vidogo vya katikati na umalizie na mdomo. Usisukume nje kipande chochote mpaka umalize vyote, kwa maana kila kilichobaki kinashikilia jirani yake. Jino likivunjika, kijiti cha kuchokolea meno kinaliunga.

Kuhusu kuoza, kosa ni moja tu: kuchonga wiki nzima kabla. Nyama iliyokatwa ina maji na sukari, na ukungu haukaribishwi mara mbili. Penye baridi chonga siku 2 kabla, penye joto chonga asubuhi ya siku yenyewe. Kulizamisha boga kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, mililita 15 kwa lita 4, kisha kulikausha kichwa chini, huchelewesha ukungu. Mafuta ya mgando kwenye kingo huzuia kunyauka, lakini yanashika moto, kwa hiyo ukiyapaka usiweke mshumaa.

Mshumaa, hata hivyo, haufai mlangoni penye watoto wenye majoho yanayoburura. Bahati mbaya taa za LED zilizomo kwenye seti ndizo dhaifu kuliko vyote. Hutumia betri bapa moja ya CR2032, yenye takriban mAh 220 (kipimo cha chaji inayobebwa na betri), na mwanga hufifia mapema kuliko saa zilizoandikwa kwenye pakiti. Nunua kando taa za betri tatu za AAA, ambazo kila moja hubeba karibu mAh 1000, na uchague mwanga wa manjano. Ule mweupe wa bluu hufanya boga lifanane na zahanati. Ukiweka karatasi ya alumini nyuma ya taa, uso unasomeka kutoka mbali. Betri bapa ni hatari kweli kwa mtoto mdogo. Akimeza, inaweza kuunguza umio ndani ya saa 2, kwa hiyo taa isiyo na skurubu kwenye kifuniko cha betri isiingie mtaani kabisa.

Jambo ambalo hakuna seti inayolitaja: boga la rangi ya feruzi. Tangu 2014 FARE, shirika la Marekani linalohusika na mzio wa chakula, limeeneza desturi ya kuliweka mlangoni kuonyesha kwamba nyumba ina zawadi zisizo chakula, kwa ajili ya watoto wenye mzio. Boga zima lililopakwa rangi halichongwi, halihitaji msumeno, na hukaa wiki kadhaa.

Mashine ya moshi? Iache. Huamsha king'ora cha moshi, hukulazimu usubiri dakika kadhaa ipate moto, na huificha taa uliyohangaika kuichonga.

Kama bajeti ni ndogo, seti yenye misumeno miwili bila taa, pamoja na taa za AAA zilizonunuliwa kando, inashinda seti kubwa yenye violezo 20. Nyumba tatu au nne zinaweza kuzungushiana seti moja mchana wa siku hiyo, maana boga moja huchukua kama saa nzima. Msumeno uoshwe na kufutwa kabla ya kumpa jirani, la sivyo utapata kutu hata kabla ya Novemba.