Kifaransa cha A2 ukubwani: uzoefu wangu na mazoezi ya bure ya TV5Monde

Nawaandikia hasa madereva waongozaji wa watalii wenzangu wa Arusha, na yeyote aliyeshavuka salamu na kujitambulisha kwa Kifaransa akakwama hapo. Kiwango cha kwanza, A1, kina raha yake, maana kila siku unaona umeongeza kitu. Kiwango kinachofuata, A2, ndipo watu wazima wengi wanapoachia njiani. Maneno unayo, lakini ukitaka kumsimulia mgeni kilichotokea jana Tarangire, sentensi inakatikia katikati. Kiwango hicho nimekisoma kwa mazoezi ya TV5Monde pamoja na darasa la jioni mjini, na kwa mtu mwenye kazi na familia, mazoezi hayo nayapendekeza bila kusita.

TV5Monde ni televisheni ya kimataifa ya Kifaransa, na kwenye tovuti yake kuna sehemu ya kujifunzia ambayo hailipiwi. Mazoezi yamepangwa kuanzia A1 hadi B2. Unachagua kiwango, unachagua mada, unapewa video fupi, mara nyingi kipande cha habari au makala. Unatazama, unajibu maswali, unasahihishwa papo hapo. Yanayosemwa kwenye video pia yameandikwa, na unayafungua ukiyahitaji.

Hayo maandishi ndiyo yaliyonisaidia kuliko yote. Kifaransa kina herufi nyingi zisizotamkwa, na sisi tumezoea lugha ambayo unasoma kama ilivyoandikwa. "Il parle" na "ils parlent" sikioni havina tofauti. Kwa hiyo nasikiliza kwanza bila kusoma, nasikiliza tena macho yakiwa kwenye maandishi, halafu nayafunga na kusikiliza upya. Video ya dakika mbili nikiwa na hedifoni ndani ya kifodi kutoka Ngaramtoni, nikishuka mjini imeshakaa kichwani. Angalizo dogo: video zinakula bando, kwa hiyo zile ndefu nazitazama kwenye waifai ya ofisini.

Uzito wa A2 uko kwenye wakati uliopita, na hapo Kiswahili kinatubeba kuliko tunavyodhani. Chukua sentensi hii: "Il pleuvait, la lionne dormait sous un arbre, et tout à coup elle s'est levée." Mvua ilikuwa inanyesha, simba jike alikuwa amelala chini ya mti, mara akainuka. Hali iliyokuwa ikiendelea inachukua imparfait, tukio lililoikatiza linachukua passé composé. Sisi tunaotofautisha "alikuwa amelala" na "akainuka" tangu utotoni tuna pa kuanzia. Hata "je l'ai vu" haitusumbui, kwa kuwa kile kiwakilishi "l'" kinakaa mbele ya kitenzi kama vile "-mw-" inavyokaa kwenye "nimemwona".

Kinachotaka kukariri ni vitenzi ambavyo kwenye passé composé vinatumia être ("kuwa") badala ya avoir ("kuwa na"). Darasa la kwanza nililowahi kusoma, ambalo silitaji, walitugawia orodha tuiimbe kila jioni, na haikunikaa. Ilinikaa nilipoipanga kama siku ya Ngorongoro: nous sommes partis de Karatu, nous sommes montés jusqu'au bord du cratère, nous sommes descendus, nous sommes restés au fond, nous sommes remontés, nous sommes rentrés. Yaani tuliondoka Karatu, tukapanda hadi ukingo wa kreta, tukashuka, tukakaa chini, tukapanda tena, tukarudi. Safari nzima ni être. Mwongozaji anayeishi na vitenzi hivyo kila wiki ana bahati, avitumie.

Nisisitize pia saa na namba, maana kwa kazi yetu ndizo zinazogusa mgeni moja kwa moja. Wafaransa wanahesabu saa kuanzia usiku wa manane na wanapenda mfumo wa saa 24, kwa hiyo chakula cha saa moja usiku ni "dix-neuf heures", na kuondoka saa kumi na mbili asubuhi ni "six heures". Fanya zoezi hilo mpaka usihitaji kupiga hesabu kichwani. Namba nazo, Mfaransa atasema "soixante-dix" kwa sabini na "quatre-vingt-dix" kwa tisini, lakini Mbelgiji atakwambia "septante" na "nonante", na ndivyo utakavyosikia kwa Wakongo na Warundi pia. Jifunze zote.

Kuongea je? Hapo hakuna skrini inayotosha, lazima upate mtu. Na Arusha watu wapo. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa, wakuu wa nchi waliridhia Kifaransa kiwe miongoni mwa lugha zake rasmi mwaka 2021, na Kongo ikajiunga mwaka 2022. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu nayo iko hapa hapa. Mimi nimepata mzee mmoja Mrundi, jirani yangu. Shida ni kwamba Kiswahili chake ni kizuri mno, kwa hiyo tumewekeana sharti: mpaka chai iishe, ni Kifaransa tu. Nikikwama, ananisubiri. Ule ukimya wake wa kunisubiri umenifundisha kuliko masahihisho.

Ukijiona uko tayari, lenga DELF A2, mtihani wa kupata cheti rasmi cha Kifaransa cha kiwango hicho. Una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea, kila moja alama 25. Unafaulu kwa 50 kati ya 100, ila ukipata chini ya 5 kwenye sehemu yoyote umeanguka hata kama jumla inatosha. Cheti chake hakiishi muda. Mazoezi ya TV5Monde yanakuandaa vizuri kwa kusikiliza na kusoma. Kuandika, tafuta mwalimu akusahihishie barua fupi fupi, za mwaliko na za kumsimulia rafiki ulikotembelea. Kwa ambaye hajaanza, msimu wa masika ndio wakati wake: wageni wachache, magari yamepumzika, na jioni ni ndefu.