Tauni ya 1348: Nyota za Paris na Herini ya Granada

Tauni ilipoenea Ulaya mwaka 1348, matabibu wa Kikristo na wa Kiislamu walikuwa na mwalimu mmoja, Galen, tabibu Mgiriki wa kale aliyefundisha kuwa afya ni ulinganifu wa damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Wataalamu wa tiba wa Chuo Kikuu cha Paris, walipoulizwa na Mfalme Philippe VI, walijibu kwamba sayari za Zohali, Mshtarii na Mirihi zilikutana katika nyota ya Ndoo mwezi Machi 1345, zikaichafua hewa.

Huko Granada, ufalme wa Kiislamu nchini Hispania, tabibu na waziri Ibn al-Khatib alitazama kwa karibu zaidi: nguo, chombo, hata herini iliyotoka kwenye sikio la mgonjwa ikavaliwa na mzima, vilipeleka mauti, ilhali waliojitenga walisalimika. Aliandika hivyo mbele ya wanazuoni walioshikilia hadithi ya Mtume isemayo kuwa hakuna maambukizi, akidai kwamba andiko likipingana na yaliyothibitika kwa macho, sharti lifasiriwe upya. Kwangu mimi, ujasiri huo unaipita mbali hoja ya Paris, ingawa ni bandari ya Kikristo, Ragusa (Dubrovnik ya leo), iliyofanya karantini ya siku 30 kuwa sheria mwaka 1377.