Viatu vya magurudumu: gurudumu likae kwa nani?

Jambo yenu watazamaji, karibuni. Leo mezani nina viatu vya magurudumu. Tangu mvua zianze, ukipita soko la Kenya hapa kwetu Lubumbashi au kwenye maduka ya viatu pale mjini, unaviona vimening'inizwa mbele kabisa, na kila mtoto anayepita anamvuta mama yake mkono. Saint-Nicolas, sikukuu ya zawadi za watoto, ni tarehe 6 Desemba, Bonane, yaani Mwaka Mpya, inafuata, kwa hiyo najua maswali yenu yanatoka wapi. Mwenye haraka nimjibu sasa hivi: kuna aina ya kununua, kuna aina ya kuiacha ining'inie palepale, na zote mbili si za kutelezea penye msongamano wa watu. Mwenye nafasi, tuendelee.

Tuanze na hii nyeusi. Ukiitazama kwa juu ni basketi tu, kiatu cha michezo, ina kamba, ina ulimi, haina la ajabu. Igeuze. Kwenye kisigino kuna shimo, na ndani ya shimo kuna gurudumu moja, upana wake vidole vyangu viwili hivi. Nje ni plastiki ngumu, katikati kuna beringi ya chuma. Nalizungusha kwa kidole, sikilizeni... bado linazunguka... haya, limesimama. Beringi nzuri. Muundo huu ni wa Mmarekani Roger Adams, aliyeanzisha kampuni ya Heelys mwaka 2000, na vikapendwa hadi Desemba 2006 hisa za kampuni zikaanza kuuzwa kwenye soko la Nasdaq. Hii ya kwangu haina jina hilo wala jina lingine, sanduku lina picha ya mtoto anayecheka, basi. Soli imegundishwa na kushonwa, naikunja hivi, haiachii. Harufu ya gundi ndiyo kali, iweke barazani ilale huko kabla ya kumvalisha mtu.

Sasa sogeza simu karibu, maana hiki ndicho nilichotaka mkione. Ndani ya sanduku kuna kifuko, ndani ya kifuko kuna vizibo viwili vya plastiki na kichuma kilichopinda. Kichuma unakichomeka hapa pembeni ya gurudumu, unakandamiza, unainua... limetoka. Unaweka kizibo mahali pake, unagonga kwa kiganja. Kwisha. Mtoto anatembea, anakimbia, anapanda taksi-basi kama watoto wenzake. Kwangu mimi kichuma hiki ni nusu ya thamani ya kiatu. Na mtoto asikae nacho. Kikae kwenye mkoba wa mama, pamoja na magurudumu yenyewe. Mkitoka nyumbani kiatu kiwe na kizibo, mkifika pa kuchezea ndipo magurudumu yawekwe. Mtoto atanuna. Anune.

Ya pili ni hii ya pinki, yenye taa. Hapa magurudumu ni mawili chini ya kila mguu, yamejificha ndani ya soli, na nyuma ya kisigino kuna kifungo. Unabonyeza, tak, yanashuka. Ili kuyarudisha unabonyeza tena huku unayasukuma kwa mkono. Dukani inavutia kuliko ile nyeusi, na ndiyo wanayoichagua watoto wote. Mimi siipendi kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni bulongo yetu, udongo huu. Mtoto wa dada yangu alicheza nayo barazani, akashuka nayo kwenye lupango, yaani uani, baada ya mvua, kama watoto wote watakavyofanya. Tope jekundu likaingia kwenye reli ya magurudumu, likakauka humo. Tazameni: nabonyeza, la kushoto limeshuka, la kulia limekwama nusu. Hapo mguu mmoja unateleza na mwingine unakwaruza chini. Nimechokonoa kwa sindano na mswaki wa zamani, limelegea kidogo, kesho litakwama tena.

Ya pili ni kifungo chenyewe. Nani anaamua lini magurudumu yashuke? Mtoto wa miaka 7. Yuko nyuma yako, umemgeuzia mgongo unapatana bei ya nyanya, anainama kama anayefunga kamba. Ukigeuka, hayupo.

Taa zinachajiwa kwa waya kama simu, na betri imo humo humo ndani ya soli. Msiiache kwenye umeme usiku wakati nyumba nzima imelala. Kuhusu taa sina zaidi.

Tuje kwenye penye watu. Nataka muelewe mwili unafanya nini juu ya kiatu hiki, halafu kila mtu ataamua mwenyewe. Mtoto anakimbia hatua mbili tatu, anaweka mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, anainua vidole, uzito wote unakaa kwenye visigino. Amesimama juu ya vipande viwili vidogo vya plastiki, tena ameegemea nyuma. Kijiwe kikiingia chini ya gurudumu, au karo, kigae cha sakafu, ikiwa imeinuka ukingo, gurudumu linasimama na miguu inaondoka chini yake. Anaangukia mgongo au matako, na mkono unatangulia nyuma kutafuta pa kushika. Ndiyo sababu wanaoumia huumia mikono.

Hili halikutoka kichwani mwangu. Majira ya joto ya 2006 kule Dublin, Ireland, hospitali ya watoto ya Temple Street ilipokea watoto 67 walioumia kwa viatu hivi na kwa magurudumu ya kufunga chini ya kiatu cha kawaida. Ni wiki 10 tu hizo, hospitali moja. Madaktari wakaandika habari hizo mwaka 2007 katika jarida la Pediatrics: vifundo vya mikono vilivyovunjika, viwiko vilivyovunjika au kuteguka. Na sehemu kubwa walikuwa bado wanajifunza. Mwaka huo huo madaktari wa mifupa wa Marekani walishauri mtoto avae kaske ya kukinga kichwa, vikinga vya vifundo vya mikono, vya viwiko na vya magoti. Hapa kwetu kaske ya baiskeli ya mtoto inapatikana ukiitafuta. Vikinga vya vifundo mimi sijaviona sokoni, na muuzaji aliyeniambia "mama, hii ya pamba njo ileile" alikuwa ananiuzia mkanda wa wachezaji wa tenisi.

Lakini hapo tumemzungumzia mtoto peke yake. Sokoni hayuko peke yake. Mtu anayeendesha baiskeli unamwona ni baiskeli, unampisha. Mwenye puspus, mkokoteni wa kusukuma, anapiga kelele "njia! njia!" kabla hajakufikia. Mtoto mwenye viatu hivi anaonekana anatembea. Macho yako yanakadiria mwendo wa mtu anayetembea, miguu yako inaamua kupita mbele yake, kumbe anakuja mara mbili ya hapo, na hana sauti, hasa juu ya karo. Kusimama kwake ni kuburuza sehemu ya nyuma ya kisigino au kushusha vidole na kukimbia hatua kadhaa mbele. Hatua hizo kadhaa, katika njia za soko la Kenya saa nne asubuhi, azipate wapi? Mbele kuna mama mwenye beseni la samaki kichwani, kushoto makopo ya mafuta ya mawese, kulia mzee anapima hatua zake.

Niliyoyaona mwenyewe ni dukani, duka moja kubwa la mjini ambalo sitalitaja. Karo zimetoka kufutwa, zinang'aa, na kwa gurudumu la namna hii hakuna mahali patamu kama hapo. Kijana wa miaka kama 9 anateremka kati ya rafu za sabuni na za biskuti, mikono ameitanua, anacheka. Baba yake yuko kwenye nyama, na simu sikioni. Mwisho wa rafu akatokea papa mmoja, mwanamume wa makamo, trei ya mayai mikononi. Mtoto alimwona. Alijaribu kusimama, nikaona kabisa vidole vinashuka, lakini sakafu ilikuwa na maji. Akaenda naye mpaka chini. Mtoto hakuumia, ni suruali tu. Papa alikaa pale sakafuni akishika kiuno, viganja vimejaa ute wa mayai, anakataa kuinuliwa mpaka apumue kwanza. Kisha ikaanza kesi ya mayai. Baba anasema sakafu ilikuwa na maji, duka walipe. Mlinzi anasema mtoto alikuja na magari miguuni. Watu wamesimama pale wanatoa hukumu. Mwishowe baba alilipa, lakini baada ya maneno mengi, na papa yule aliondoka anachechemea bila mayai, maana hamu ilikwisha.

Marekani na Uingereza maduka mengi na shule nyingi zilivipiga marufuku miaka ileile vilipovuma. Hapa sijaona bango la namna hiyo mlangoni, na mimi simngojei mlinzi anifanyie kazi ya kumlea mtoto.

Basi vichezewe wapi? Lubumbashi si mji wa milima, hilo ni jambo zuri, mteremko ndio adui mkubwa wa kiatu hiki. Baraza lako kama ni la saruji laini, linatosha kwa kuanzia. Uwanja wa shule au wa parokia wenye sakafu ngumu, siku usio na watu, ukiomba ruhusa. Barabara ya lami hapana, hata kama ni ya mtaa na mnasema haipiti magari. Pikipiki inapita. Na bustani ya wanyama siku ya Bonane, najua ndiko mnakopanga kwenda na watoto wamevaa vipya kuanzia kichwani. Siku ile watu wanasogea bega kwa bega. Kizibo kikae kisiginoni tangu asubuhi mpaka jioni.

Bei. Nyeusi walianza dola 35, nikaichukua kwa 25. Pinki walianza 30, wakaniachia 20 bila kubishana sana, na sasa mnajua kwa nini. Kabla hujatoa pesa, fungua sanduku mwenyewe palepale mezani kwa muuzaji. Tafuta vizibo, tafuta kichuma, umwambie akutolee gurudumu mbele ya macho yako na kulirudisha. Akisema kichuma kitakuja wiki ijayo, rudisha sanduku, duka la pili halipo mbali. Halafu zungusha magurudumu yote mawili, likikoroma moja ujue beringi imeingia mchanga kabla hata ya kufika kwako.

Kuna mama ameniuliza kama anaweza kumnunulia namba mbili zaidi ili mtoto avivae na mwaka kesho. Kwa viatu vya shule sawa, wote tumekulia humo, tukajaza karatasi kwenye vidole. Kwa hivi hapana. Kisigino kikiwa kinacheza ndani ya kiatu, mtoto hawezi kuliongoza gurudumu, kila akiinua vidole mguu unatoka. Mpeleke mwenyewe dukani avae na soksi, funga kamba mpaka juu, halafu shika kisigino cha kiatu na umwambie anyanyue mguu. Kiatu kikibaki mkononi mwako, omba namba ya chini yake.